Waya Umekatwa, Mashine Haijui

Novemba 2016 kampuni ya Nintendo iliirudisha madukani mashine iliyowalea wachezaji wa gemu wa miaka ya 1980, safari hii ikiwa ndogo kiasi cha kuenea kiganjani. NES Classic Edition ilikuwa na gemu 30 ndani yake, ilichomekwa kwenye TV bapa kwa waya wa HDMI, na huko Marekani iliuzwa kwa dola 60 hivi. Watu waliigombania. Hadi Aprili 2017 zilikuwa zimeuzwa takriban milioni 2.3. Lakini aliyebahatika kuipata alikutana na kero ileile waliyokutana nayo wenzake: waya wa pedi ulikuwa na urefu wa sentimita 76 hivi. Ama ukae sakafuni pua ikikaribia kioo, ama uiburure mashine hadi katikati ya sebule na kuacha nyaya zikikatiza njia ya kila anayepita.

Dawa haikutoka Nintendo. Nyko, kampuni ya Los Angeles inayotengeneza vifaa vya mashine za wengine, ilileta Miniboss, pedi ya umbo linalokaribiana na la asili lakini isiyo na waya, pamoja na kipokezi cha kuchomeka kwenye tundu la mashine. Kutoka Shenzhen, China, 8BitDo, kampuni changa iliyoanzishwa mwaka 2013, ilileta kipokezi chake kinachotumia Bluetooth. Mchezaji aliweza kurudi kwenye kochi.

Tangu hapo biashara ya pedi zisizo na waya kwa ajili ya mashine za zamani imekua, na imekua kwa sababu ya msingi kabisa. Watengenezaji wa mashine walishahama. Sega iliacha kutengeneza mashine za gemu mwaka 2001. Nintendo na Sony zinauza mashine za kizazi kipya na hazina haja ya kumtengenezea pedi mtu mwenye Super Nintendo ya mwaka 1991. Hata pale Nintendo ilipotoa tena pedi za NES, Super Nintendo na Nintendo 64 zisizo na waya, kuanzia 2018, ilizitoa kwa ajili ya mashine yake mpya ya Switch. Zile za zamani haziwezi kuzitumia bila kifaa cha kati kutoka kwa kampuni nyingine. Wakati huohuo mashine zenyewe bado zipo kwa mamilioni, na nyingi zinawaka vizuri. Kinachotangulia kufa ni pedi. Waya hukatikia shingoni pale unapoingia kwenye plagi, mpira ulio chini ya vitufe hulegea, kijiti hulika.

Zamani pedi ya kampuni ya nje ilikuwa ile anayopewa mdogo mtu wakati kaka mtu ameng'ang'ania ya asili. Leo hali imegeuka. Zilizo bora kati ya pedi hizi zinaitumikia mashine ya zamani vizuri kuliko mtengenezaji wake anavyoitumikia, na zilizo mbovu zinaharibu kabisa raha ya gemu ambayo haina kosa lolote. Kwa macho zinafanana. Tofauti iko ndani, na inafaa kuifahamu.

Hamu ya kukata waya si ya jana. Mwaka 1983 Atari iliuza joystiki za redio kwa ajili ya mashine yake ya 2600, iliyokuwa sokoni tangu 1977. Kijiti kilikuwa kilekile cha kawaida, ila kiliketi juu ya kitako kikubwa kilichobeba betri na kisambazaji. Mwishoni mwa muongo huo njia iliyopendwa ikawa infraredi, mionzi ileile ya rimoti ya TV. Acclaim, iliyojulikana zaidi kwa kuuza gemu, ilitengeneza pedi za namna hiyo kwa ajili ya NES, na Nintendo yenyewe mwaka 1989 ilitoa NES Satellite, kisanduku kilichowaunganisha wachezaji wanne na mashine kwa mionzi hiyo.

Infraredi husafiri kwa mstari ulionyooka na haipenyi mwili wa mtu. Mama akikatiza mbele ya TV na sinia la chai, mchezaji anakufa ndani ya gemu bila kosa lake. Pedi ikielekezwa pembeni kidogo, mashine haisikii. Sifa mbaya ya pedi zisizo na waya ilizaliwa hapo, na ilichukua miaka kufutika.

Iliyoifuta ni WaveBird, pedi ambayo Nintendo ilitoa mwaka 2002 kwa ajili ya GameCube. Ilitumia redio ya masafa ya gigahezi 2.4, ilikuwa na chaneli 16 zilizochaguliwa kwa gurudumu dogo, na betri mbili za AA zilidumu saa 100 hivi. Ili kuokoa umeme, mtetemo uliachwa. Miaka michache baadaye Xbox 360 ya 2005, kisha PlayStation 3 na Wii za 2006, zikafanya pedi isiyo na waya kuwa jambo la kawaida. Kizazi kizima kimekua hivyo, na mtu wa kizazi hicho anaporudi kwenye Mega Drive ya mjomba wake, kitu cha kwanza kinachomshangaza ni kufungwa kwa kamba.

Kumfungua si suala la kuweka redio ndani ya pedi tu. Mashine ya mwaka 1985 haijui kwamba redio ipo. Haina menyu ya kuunganisha vifaa wala programu ya kusasishwa. Inajua tundu lake lenye pini 7 na ishara chache inazozitarajia hapo. Kwa hiyo kipokezi hufanya kazi ya mkalimani: upande mmoja kinasikiliza redio, upande wa pili kinaigiza pedi ya asili kwa ukamilifu, kiasi kwamba mashine haigundui kuwa waya umekatwa.

Chukua NES. Ndani ya pedi yake mna chipu moja ya bei ndogo, iitwayo 4021. Gemu inapotaka kujua mchezaji anafanya nini, mashine hutuma mpigo mmoja wa umeme, na chipu hunasa hali ya vitufe vyote 8 kwa pamoja. Kisha mashine hupiga mipigo mingine, na jibu la kila kitufe hutoka kwa zamu yake: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Kwa kawaida hili hurudiwa kila picha inapochorwa kwenye kioo, mara 60 kwa sekunde kwa mashine za Japani na Marekani, mara 50 kwa zile za mfumo wa PAL uliotumika sehemu kubwa ya Ulaya na pia Afrika Mashariki. Kipokezi hakiwezi kuiomba mashine isubiri hadi redio ilete habari. Hutunza habari ya mwisho iliyofika hewani, na mashine ikiuliza hujibu papo hapo.

Utaratibu huo ni mwepesi, na haukuwahi kufungwa. Nintendo iliweka chipu ya ulinzi ili kaseti zisizo na kibali zisicheze kwenye NES, lakini tundu la pedi halikuwekewa ulinzi wowote. Yeyote aliyeelewa mipigo ile aliweza kutengeneza pedi. Ndiyo maana watengenezaji wa nje walikuwapo tangu mwanzo, na ndiyo maana leo, zaidi ya miaka 40 baada ya Famicom, toleo la Japani la NES, kuzinduliwa Julai 1983, mtu anaweza kuitengenezea kifaa kipya bila kumwomba mtu ruhusa ya kiufundi.

Mega Drive ya Sega, iliyotoka Japani mwaka 1988, ina mtego wake. Tundu lake lina pini 9, na pini hizo hazitoshi kwa vitufe vyote, kwa hiyo mashine hupandisha na kushusha umeme kwenye pini moja, na pedi hubadilisha majibu kulingana na hali ya pini hiyo. Mwaka 1993 Sega ilipoleta pedi ya vitufe sita, iliyohitajika sana kwa gemu za ngumi kama Street Fighter II, mabadiliko hayo ya umeme yalianza kuhesabiwa: baada ya idadi fulani pedi hutoa majibu ya vitufe vya ziada. Baadhi ya gemu zilizotangulia huchanganyikiwa na majibu hayo, na Sega iliweka tiba: mchezaji anashikilia kitufe cha Mode wakati wa kuwasha, pedi inajifanya ya vitufe vitatu. Pedi isiyo na waya iliyotengenezwa kwa uangalifu hukumbuka hata hilo. Iliyotengenezwa haraka husahau, na mnunuzi hubaki akiilaumu kaseti.

Kazi ngumu zaidi iko kwenye Nintendo 64 ya mwaka 1996. Hapa pedi na mashine huzungumza kwa zamu kupitia waya mmoja tu wa data, na kila biti huchukua mikrosekunde 4. Umeme ukishushwa kwa mikrosekunde 1 kisha ukapandishwa kwa 3, hiyo ni moja. Ukishushwa kwa 3 na kupandishwa kwa 1, hiyo ni sifuri. Mashine ikiuliza, pedi inapaswa kurudisha biti 32 zenye hali ya vitufe na mkao wa kijiti, bila kusitasita. Kipokezi kilichozongwa na shughuli za redio kikichelewa kujibu, mashine huamini kwamba pedi imechomolewa.

Mradi wa BlueRetro ulipata njia nzuri ya kulimaliza tatizo hili. Ni programu huria, yaani iko wazi kwa yeyote kuisoma, kuitumia na kuiboresha, na inaendeshwa kwenye ESP32, chipu ya kampuni ya Espressif ya Shanghai. Chipu hiyo ina viini viwili. Kimoja hushughulikia Bluetooth, cha pili kimewekwa kando kwa ajili ya waya wa mashine tu, hivyo zogo la redio haliwezi kukichelewesha. Viini hivyo vinakimbia hadi megahezi 240. Kichakataji cha NES ya Marekani kilikimbia megahezi 1.79. Maana yake, kidude kinachochomekwa kwenye tundu la pedi kina mwendo wa zaidi ya mara 100 ya mwendo wa mashine kinayoihudumia, na nguvu yote hiyo inatumika kujifanya chipu ya bei ndogo. Uzuri wa BlueRetro ni kwamba mtu anaweza kushika pedi ya PlayStation 4, Xbox au Switch aliyonayo tayari na kuitumia kwenye mashine ya baba yake.

Bado kuna swali linaloulizwa na kila mchezaji makini: je, redio inachelewa?

Inachelewa, ndiyo, lakini kiasi ndicho hoja. Kwenye mashine ya picha 60 kwa sekunde, kila picha hudumu milisekunde 16.7. Pedi nzuri ya gigahezi 2.4 yenye kipokezi chake maalumu huongeza milisekunde chache tu, chini ya nusu ya picha moja, na ni wachezaji wachache mno wanaoweza kulihisi hilo. Bluetooth hubadilika zaidi. Huruka kati ya chaneli 79 mara 1,600 kwa sekunde ili kukwepa msongamano, na inaweza kuwa nyepesi au nzito kulingana na pedi na kipokezi. Masafa hayo ya gigahezi 2.4 hayahitaji leseni katika nchi nyingi, kwa hiyo Wi-Fi ya jirani imo humo, na oveni ya mikrowevu nayo inavujisha kelele zake humohumo. Kinachomsumbua mchezaji kuliko ucheleweshaji wenyewe ni ucheleweshaji usiotulia. Mkono hujifunza kuchelewa kwa kiwango kilekile kila mara. Hauwezi kujifunza kuchelewa leo kidogo na kesho zaidi. Katika Mike Tyson's Punch-Out!! ya 1987, ambapo kukwepa ngumi ni suala la kufumba na kufumbua, hilo huonekana haraka.

Hata hivyo, mara nyingi pedi husingiziwa. TV ya chogo ilichora picha papo hapo kadiri ishara ilivyoingia. TV bapa huipokea picha ya mashine ya zamani, huikuza, huipamba, ndipo huionyesha, na kazi hiyo inaweza kula makumi ya milisekunde. Anayeona mhusika wake anaruka kwa kuchelewa aingie kwanza kwenye mipangilio ya TV na kuwasha hali ya gemu. Akiwa bado ana TV ya chogo inayofanya kazi, aitunze: bunduki ya NES, kwa mfano, inategemea jinsi TV hiyo inavyochora, na haifanyi kazi kwenye TV bapa.

Zaidi ya umeme, kuna mkono. Kitufe cha msalaba kilichobuniwa na Gunpei Yokoi wa Nintendo kilionekana kwanza mwaka 1982 kwenye gemu ya mkononi ya Donkey Kong. Nintendo ilikipatia hataza ya Marekani mwaka 1987, na hadi muda wake ulipokwisha mwaka 2005, washindani walilazimika kupita kando: Sega ilitumia duara, Sony ikatenganisha vitufe vinne juu ya ganda. Pedi nyingi za kampuni za nje za enzi hizo zilikuwa na vitufe vya mwelekeo vilivyoteleza, na hataza hiyo ni mojawapo ya sababu. Leo kila mtu yuko huru kutengeneza msalaba ulio sahihi, na pedi za 8BitDo zimejipatia wapenzi wengi kwa sababu vidole vinaukuta pale vinapoutarajia.

Kwingine, watengenezaji wa nje wameamua kutoiga. Pedi ya Nintendo 64 ilikuwa na vishikio vitatu, na kijiti chake cha katikati kilisaga bakuli lake la plastiki hadi kikalegea. Kijiti hicho hakikuumia peke yake. Gemu ya Mario Party iliwataka wachezaji wakizungushe kwa kasi, watoto wakakizungusha kwa viganja na kuchubuka, na mwaka 2000 Nintendo ilikubaliana na ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kuwapa glovu wateja wa Marekani. Retro Fighters, kampuni ya Marekani, ilitengeneza Brawler64 yenye vishikio viwili kama pedi za kisasa, kisha ikaitolea toleo lisilo na waya. Wapenzi wa umbo la asili wanaweza kununa. Lakini kwa anayekutana na Nintendo 64 kwa mara ya kwanza leo, pedi hiyo ni mlango mzuri zaidi kuliko ya asili iliyochoka.

Kuna mambo ambayo redio huyapoteza njiani, na muuzaji hayataji. DualShock 2 ya PlayStation 2 ina vitufe vinavyopima nguvu ya kidole. Katika Metal Gear Solid 2 ya 2001, ukikiachia kitufe polepole, bunduki hushushwa bila kufyatuliwa. Pedi nyingi zisizo na waya za kampuni za nje hazipimi. Kwazo kitufe kimebonyezwa au hakijabonyezwa, basi. Nintendo 64 na Dreamcast ya Sega zina tatizo jingine: kadi ya kuhifadhia gemu huchomekwa kwenye pedi yenyewe. Kadi ya Dreamcast, VMU, ina hata kioo kidogo cha nukta 48 kwa 32 kinachoonekana kupitia dirisha la pedi. Mbunifu wa pedi ya redio analazimika kuchagua: aiweke kadi kwenye kipokezi, kioo kiwe mbali na mchezaji, au aiache kwenye pedi na kurusha data zote hewani. BlueRetro huiga kadi ya Nintendo 64 ndani ya chipu. Hakuna njia isiyo na gharama.

Wenye majina ya zamani wameanza kutambua kazi hii. Januari 2018, kwenye maonyesho ya CES huko Las Vegas, Retro-Bit ilitangaza kwamba imepata leseni ya Sega kutengeneza vifaa vya Mega Drive, Saturn na Dreamcast, na baadaye ikatoa pedi za Mega Drive na Saturn za gigahezi 2.4 zenye nembo ya Sega. Ni heshima inayostahili. Pedi ya Saturn hutajwa na wachezaji wengi kuwa miongoni mwa bora zilizowahi kutengenezwa, na bila leseni hiyo ingebaki kitu cha kutafutwa kwenye mitumba.

Afrika Mashariki ina hisa yake katika habari hii, na hisa hiyo ni PlayStation 2. Iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani na utengenezaji wake haukukoma hadi mwaka 2013, na kwa vijana wengi wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi ndiyo mashine ya kwanza waliyoishika, kwenye kibanda cha kulipia kwa mechi, kwenye gemu ya mpira, foleni ya wanaosubiri ikiwa nyuma ya benchi. Pedi za kibandani huteswa. Huvutwa, hurushwa goli likikosekana, hukanyagwa. Fundi huunga waya leo, keshokutwa unakatika inchi moja mbele. Kwa mwenye kibanda, pedi ya redio ingemaliza kero ya waya lakini ingemletea nyingine: inahitaji kuchajiwa kila siku na ni rahisi kuondoka nayo mfukoni. Mahali pake hasa ni nyumbani.

Kwenye maduka ya elektroniki ya Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli, Nairobi, pedi za PS2 za redio zenye kipokezi cha kuchomeka si kitu kigeni. Mnunuzi awe macho na ile yenye jina la Sony kwenye ganda pamoja na kipokezi cha gigahezi 2.4, kwa sababu Sony haikuwahi kutoa DualShock 2 ya namna hiyo. Jina hilo limebandikwa na mwingine. Hiyo peke yake haina maana kwamba pedi haifanyi kazi, ila ina maana kwamba hakuna anayewajibika ikiharibika.

Na wapo waliokulia kwenye TV gemu, zile nakala za Famicom kutoka viwanda vya Asia zilizokuja na kaseti zenye gemu nyingi. Hao wasikimbilie kununua kipokezi cha NES. NES ina tundu la pini 7 la umbo lake. Nakala nyingi zina tundu la pini 9 linalofanana na la Mega Drive lakini nyaya zake zimepangwa tofauti kabisa. Kuchomeka pedi ya Mega Drive hapo, ya waya au ya redio, kwa sababu tu imeingia, ni kuhatarisha pedi na mashine kwa pamoja.

Suala la mwisho ndilo zito kuliko yote, na halizungumzwi vya kutosha: betri. Pedi ya waya ya mwaka 1983 inaweza kufanya kazi leo kwa sababu ndani yake hamna cha kuzeeka isipokuwa mpira na waya. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikikaa kabatini. Pedi iliyofungwa kwa gundi, yenye betri isiyoweza kubadilishwa, imetengenezwa kuihudumia mashine ya miaka 40 kwa miaka michache tu kisha itupwe. Huo ni ubadhirifu, hasa kwa watu ambao mapenzi yao yote yamejengwa juu ya vitu vinavyodumu. Pedi yenye skrubu za kawaida na betri ya kuchomoa, au inayotumia AA kama WaveBird ilivyofanya, inastahili bei ya juu zaidi. Vivyo hivyo kipokezi kinachouzwa peke yake, kwa sababu ndicho hupotea kwanza, na bila kipokezi pedi ya redio ni plastiki.

Kabla ya kulipa, basi, jua toleo la mashine yako na idadi ya pini za tundu lake. Uliza kama kipokezi kinapatikana kando na kama programu yake ya ndani inaweza kusasishwa. Geuza pedi uone skrubu. Mwombe muuzaji aichomeke mbele yako, kisha shikilia kitufe cha mwelekeo huku ukibonyeza kingine haraka haraka, na rudi hatua tano nyuma ukifanya hivyohivyo. Pedi dhaifu itajulikana hapo. Na ile ya asili yenye waya uliokatika usiitupe. 8BitDo inauza bodi za Bluetooth zinazoingia ndani ya ganda la zamani la pedi za NES, Super Nintendo na nyinginezo, na kuzifunga kunahitaji bisibisi tu, bila kulehemu.